Kijitabu cha Mazishi cha Bibi Luvenia

Maneno haya niliyasikia saluni, na toka siku hiyo sikupata amani. Tawanda, anayenisuka, alisema, "Ukipeleka karatasi za familia yako maktaba, ndio basi. Wanapiga muhuri, zinakuwa mali ya serikali. Mama mmoja alipeleka Biblia ya ukoo wao. Mpaka leo anailia."

"Mama gani?" nikamuuliza.

"We dada, mtu akiibiwa mpaka akuachie jina lake?"

Sikuuliza tena. Hapo ndipo nilipokosea.

Mimi naitwa Verlene. Shule niliishia darasa la nane, huko Alabama. Sasa tunakaa Detroit, mimi, binti yangu Keziah, na Shangazi Earlene, dada wa marehemu baba. Shangazi ana miaka themanini na minne.

Kila Jumamosi Keziah huenda maktaba ya mtaa wetu. Wana kikundi cha kusoma vitabu vya waandishi wetu weusi na historia yetu. Mwezi ule walikuwa wanasoma hadithi ya familia iliyotoka majimbo ya Kusini kwa treni kutafuta kazi viwandani. Mkutubi, Bi Rosalind, aliwaambia kila mmoja alete karatasi moja ya kwao, aisome mbele ya wenzake.

"Nitasoma kijitabu cha mazishi cha Bibi Luvenia," Keziah akasema. "Na Bibi Earlene atakuja kunisikiliza."

"Nimeshachagua na kofia ya kuvaa," Shangazi akasema.

Nikakumbuka maneno ya saluni. Bibi Luvenia ni mama yake Shangazi. Alizikwa mwaka 1961. Kijitabu kile, walichogawiwa waombolezaji siku ile, ni karatasi moja iliyokunjwa, lakini ndani yake kuna mahali alipozaliwa, wazazi wake, na majina ya ndugu zake sita. Hakuna karatasi nyingine popote inayowataja wote.

Nikakitoa kwenye droo. Nikakitia kwenye boksi la viatu pamoja na picha za ukoo, nikalificha kwenye chumba cha chini ya nyumba, sakafuni, nyuma ya mashine ya kufulia. Keziah alipokitafuta nikamwambia, "Kimepotea, mwanangu."

Alilia. Shangazi hakulia. Alirudisha kofia yake kabatini.

Alhamisi asubuhi mvua ikanyesha kama imeagizwa. Maji yakaingia kwa dirisha la chini. Niliposhuka, yalinifika kwenye vifundo vya miguu, na boksi lilikuwa limelowa chapachapa.

Nikalipandisha jikoni mbio. Picha zilikuwa zimegandana. Kijitabu kilikuwa laini kama mkate uliotiwa kwenye maziwa. Nikavuta ili nikifungue. Pembe moja ikabaki mkononi mwangu, ikasagika vidoleni. Nikachukua mashine ya kukaushia nywele.

"Mama!" Keziah alikuwa amesimama mlangoni. Aliona boksi. Aliona kila kitu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Usiguse tena," akachomoa waya ukutani, akakimbia maktaba.

Alirudi na Bi Rosalind, ambaye alikuwa amelowa, viatu mkononi.

"Hakuna kuvuta, hakuna moto," akasema. "Una taulo nyeupe? Na karatasi za kufutia jikoni, zisizo na maua?"

Tukakilaza kijitabu juu ya taulo. Akatandika karatasi nyeupe juu yake, akawa anaibadilisha kila inapolowa. Feni akaielekeza ukutani, ili upepo usikipige.

"Na hizi picha?" nikauliza.

"Zina mng'ao. Zikikaukia hivi zilivyoshikana, hazitaachana tena. Tuzitie kwenye mfuko wa plastiki, ziende kwenye friza. Baridi inazuia ukungu. Tutazishughulikia taratibu wiki ijayo."

"Friza? Na kuku wangu?"

"Kuku ahame chini," Shangazi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Wajomba zangu wakae juu."

Tulicheka, kisha nikaanza kulia. Nikamweleza Bi Rosalind yale ya saluni. Hakukasirika.

"Karatasi tunaipiga picha kwa mashine, wewe umesimama hapo hapo. Dakika tano. Unarudi nayo nyumbani. Watu wetu wengi hawakuandikwa popote walipozaliwa, Verlene. Kwa wengine, kijitabu cha mazishi ndiyo karatasi ya kwanza kuwataja kwa heshima. Njoo Jumamosi uone mwenyewe."

Nikaenda. Kando yangu alikaa mama mnene mwenye Biblia kubwa mapajani.

"Ndiyo hiyo iliyoibiwa?" nikamnong'oneza.

"Iibiwe na nani?" akashangaa. "Ilirudi siku ile ile, na kipande cha keki juu."

Keziah akasimama. Shangazi alikuwa amevaa kofia yake. "Luvenia alizaliwa Lowndes, Alabama," akasoma. "Ameacha ndugu zake: Ezra, Mattie, Cleophus, Ruby, Hosea, na..." Akaishia hapo. Pembe ile niliichana mimi, na jina lilikwenda nayo.

Shangazi akafumba macho. Akahesabu kwa vidole, akitaja nani alilala kitanda kipi yeye na mama yake walipokwenda kuwatembelea ndugu hao. Chumba kizima kilimsubiri.

"Ozell," akasema. "Mdogo wao. Alilala miguuni pa Hosea, akipiga mateke."

Keziah akaliandika jina kwa penseli, kwenye karatasi nyingine.

Ndiyo maana naandika. Mwenzangu, jiepushe na haya:

Usiweke karatasi za ukoo sakafuni, wala chumba cha chini, wala darini.

Usivute karatasi iliyolowa. Usiikaushe kwa moto wala juani.

Usiache picha zilizolowa zikaukie pamoja.

Usibandike selotepu. Usiandike kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya zamani.

Usibebe maneno ya saluni mpaka nyumbani kabla hujamuuliza mwenyewe.

Usimwambie mtoto kitu kimepotea, nawe umekificha.

Usingoje kumuuliza mzee majina. Mimi nilibahatika kuwa bado na Shangazi.