Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tausi alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumwosha uso mdogo wake Muddy, na kutandika vitanda vya chumba cha nyuma walimolala wote wawili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kwao palikuwa Bagamoyo. Si ile Bagamoyo ya pwani, bali mtaa wa Bagamoyo wa hapa Tukuyu, ambako mvua ikianza kunyesha, watu husahau jua lina rangi gani.

Baba yake, Bwana Jumaa, alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma. Shirika lilipopunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani na barua mkononi. Hakukaa kulia. Siku zile mipaka ilikuwa imefunguliwa na mitumba ilikuwa imejaa kila mahali, basi naye akaanza kuiuza kwenye magulio, leo Tukuyu, kesho Kyela. Mama yake, Bi Hadijah, alikaanga vitumbua sokoni tangu alfajiri. Kisha ndugu yake Bwana Jumaa aliyekuwa Kyela akaleta habari njema: kuna fremu ya duka itaachwa wazi mwezi wa nne. Familia ikakubaliana kuuza nyumba na kuhamia huko.

Mnunuzi alipatikana kwa barua. Alikuwa muuguzi aitwaye Atuganile, mzaliwa wa Nkunga, kijiji kisicho mbali na Tukuyu, aliyekuwa akifanya kazi Tanga. Alitaka kumnunulia mama yake nyumba mjini, karibu na hospitali. Likizo yake ilikuwa mbali, mpaka mwezi wa nane, kwa hiyo akaomba atumiwe picha za nyumba, ndani na nje, chumba kwa chumba.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, nyumba nzima iliamka na mafagio. Bwana Jumaa alipunguza ua wa michongoma. Bi Hadijah alisugua sakafu ya sebuleni, akaipaka nta nyekundu mpaka Muddy akateleza na kuangukia makalio.

"Tausi, chumba cha nyuma ni chako," mama alisema. "Mpiga picha akifika, akikute kinang'aa."

Tausi aliingia, akafunga mlango, akasimama mbele ya ukuta akiutazama.

Mwezi wa kwanza, mama yake alikuwa ameona doa la unyevu ukutani, kubwa kama sahani. Alimwambia, "Kwangua huo ukungu, paka chokaa. Ukungu ukirudi, mwambie baba yako." Tausi alikwangua mara moja tu. Baada ya wiki ukungu ukarudi, na wenzake walikuwa nje wakicheza rede. Akatundika kanga kuukuu mahali pale, akatoka mbio. Mama alipouliza kama doa limekwisha, alijibu, "Limekwisha, mama."

Sasa aliinua ile kanga. Doa lilikuwa limepanda mpaka usawa wa kifua chake. Ukungu ulikuwa mweusi, wenye manyoya, unanuka kama gunia lililoloa. Aligusa plasta kwa kidole, kipande kikamwangukia miguuni.

Nje, baba yake alikuwa akipiga mluzi huku akikata michongoma. Siku nyingi Tausi hakuwa amesikia mluzi ule. "Nikisema leo, nitaharibu kila kitu," aliwaza. Akachukua kanga mpya ya mama yake, akaitundika vizuri kama pazia. Akasukuma sanduku la nguo mpaka likagusa ukuta, na juu ya kanga akaning'iniza kalenda.

Mpiga picha, Ackson, alifika saa nne na kamera yake shingoni. Alitazama sebule, akakuna kidevu.

"Bwana Jumaa, tuazime makochi ya jirani. Picha itakuwa ya kitajiri."

"Hapana, kaka," Bwana Jumaa alicheka. "Mimi nauza nyumba, siuzi makochi. Piga kilichopo."

Ackson akapiga kilichopo. Alipofika chumba cha nyuma, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiki ndicho kimependeza kuliko vyote! Nani amekipanga?"

"Binti yangu," baba alisema, akamshika Tausi bega. Tausi alitazama chini.

Picha za rangi zilikuwa zikisafishwa Mbeya, hivyo zilirudi Jumatano. Alasiri hiyo Bwana Jumaa alimwita Tausi mezani, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alitaka wajibu barua ya muuguzi swali kwa swali. Akaisoma kwa sauti: kisima, choo, bati. Kisha akafika penye swali la mwisho.

"'Mama yangu ana pumu,'" alisoma. "'Daktari amemkataza kabisa kulala penye unyevu. Je, kuna chumba kikavu, kisicho na kelele za barabarani?'" Aliinua uso, amefurahi. "Hili halina shida. Andika: Chumba cha nyuma ndicho kitakachomfaa."

Kalamu ilikuwa nzito kama mchi. Tausi aliandika. Baba yake akazitia picha na barua ndani ya bahasha, akaifunga, akamtuma posta.

Njiani Tausi alijaribu kufikiria mambo mengine, lakini alimwona bibi kizee asiyemjua amelala kwenye kitanda chake, uso umeelekea ukutani, akihangaika kuvuta pumzi. Alifika mlangoni mwa posta. Mtu mmoja akampisha, akisema, "Pita, mwanangu." Tausi hakupita. Aligeuka, akarudi nyumbani, mwanzo kwa kutembea, halafu kwa kukimbia.

Alimkuta baba yake barazani akichambua mashati.

"Mbona umerudi na bahasha? Posta wamefunga?"

"Baba, nimeandika uongo."

"Uongo gani? Si nimekutajia mimi maneno?"

"Wewe ulikuwa hujui. Mimi nilikuwa najua."

Akamshika mkono, akampeleka chumbani, akasogeza sanduku na kufunua kanga. Bwana Jumaa aliinama mbele ya doa. Akauweka mkono wake ukutani, akauondoa ukiwa umelowa. Uani, Muddy alikuwa akikohoa, kikohozi kile kile ambacho nyumba nzima ilikuwa imekizoea.

"Muddy amelala hapa tangu mwezi wa kwanza?" aliuliza taratibu.

Hapo ndipo Tausi alipoangua kilio. Ukuta alikuwa ameufikiria, nyumba alikuwa ameifikiria; mdogo wake hakuwa amemfikiria hata mara moja.

Baba hakumpiga. Aliketi kitandani kama mtu aliyechoka. "Umefanya kosa kubwa, Tausi. Lakini na mimi nimemnunulia huyu mtoto dawa ya kifua chupa tatu, wala sikuja kutazama analala wapi. Kuanzia leo mtalala sebuleni. Futa uso. Nenda kamwite Ackson."

Ackson alikuja, akaambiwa apige picha ya ukungu. "Bwana Jumaa, mimi nimepiga picha maharusi, nimepiga maiti," alisema huku akiinama, "lakini ukungu, leo ndiyo mara ya kwanza."

Tausi aliandika barua ya pili kwa mkono wake. Alieleza doa lilivyoanza, lilivyofichwa, na nani aliyelificha. Picha ya ukuta iliposafishwa, vyote vikaenda Tanga.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Muuguzi alishukuru kwa kuambiwa ukweli, lakini kwa hali ile nyumba haikumfaa mama yake, angetazama nyingine. Mwezi wa nne ukapita, na ile fremu ya Kyela ikachukuliwa na mtu mwingine. Usiku wa siku habari ya fremu ilipofika, hakuna aliyemlaumu Tausi, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kulaumiwa.

Asubuhi baba alimpa jembe. "Kulia hakukaushi ukuta. Twende."

Nyuma ya nyumba ardhi iliinuka kuelekea kwenye migomba, na maji yote ya mvua yalishuka yakalala kwenye msingi. Wakachimba mfereji, Tausi akizoa udongo kila siku baada ya masomo mpaka viganja vikaota malengelenge. Walibomoa plasta yote iliyooza. Watoto waliendelea kulala mkekani sebuleni. Kabla mwezi haujaisha, Bi Hadijah alishtuka na kusema, "Jamani, mmesikia? Muddy hakohoi." Mvua zilipokatika na upepo wa kiangazi ukavuma, ukuta ukakauka, na fundi akaupiga plasta mpya.

Mwezi wa nane, mwanamke mrefu aliyevaa sweta alipiga hodi akiwa amemshika mkono bibi mmoja mwembamba. Alikuwa Atuganile, na mama yake, Bibi Tusekile.

"Shikamoo, bibi," Tausi alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyeandika barua?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Tumetembelea nyumba tatu tangu juzi," Atuganile aliwaeleza wazazi. "Kwenye picha zote zilikuwa maridadi. Moja, nilisogeza kabati, mkono wangu ukazama ukutani. Nikamwambia mama, twende kwa wale walionitumia picha ya ukungu. Angalau hao tunajua wanatuambia nini."

Bwana Jumaa akawaonyesha mfereji na plasta mpya, kisha Bibi Tusekile akaingia chumba cha nyuma peke yake. Akaubandika ukuta kiganja, kisha shavu. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, bila kukohoa. "Ndaga fijo," alisema kwa Kinyakyusa, akimshukuru Tausi. "Hapa nitalala."

Wiki ileile walikubaliana. Ndugu yake Bwana Jumaa kule Kyela alikuwa amepata fremu nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza na mbali kidogo na soko, lakini ya kutosha kuanzia. Walipokuwa wakifunga mizigo, Tausi aliuliza jambo lililokuwa likimkereketa kwa miezi.

"Baba, kama ningesema mwezi wa kwanza?"

"Tungechimba mfereji mwezi wa kwanza," Bwana Jumaa alijibu. Akakaza kamba ya furushi, kisha akamgeukia. "Doa lilikuwa kama sahani, Tausi. Ungelisema kwa neno moja, ukarudi kucheza rede. Ulipolificha likakua, na woga wako ukakua pamoja nalo. Kosa liseme likiwa bado dogo, mwanangu. Na likishakuwa kubwa, liseme vilevile, kama ulivyofanya siku ile uliporudi na bahasha. Haya, shika upande huo, tunyanyue."

Tausi akashika, wakanyanyua pamoja.