Mwanzi wa Kisima

Asubuhi ile, jua linawaka, bustani ilinuka tope bichi. Wiki nzima mvua haikunyesha, na nje ya ukuta Tokyo yote ilikuwa kavu kama ukoko.

Mzee Kusunoki, mtunza bustani, alijua sababu. Kisima cha kale kilipofukiwa, alichomeka mwanzi mrefu uliotobolewa ndani, pepo wa kisima aliyemo chini apate kupumua. Wenyeji wote hufanya hivyo. Lakini Tatewaki, meneja wa bustani hiyo ya harusi, kichwa kigumu yule, aliukata kwa msumeno akaziba tundu kwa saruji. Eti unaharibu picha za maharusi!

"Bosi, aliyemo humo hajafa," Kusunoki alinong'ona.

"Basi ajifunze kubana pumzi, Mzee!" Tatewaki akacheka mpaka kikohozi chake cha sigara kikamkaba.

Bibi harusi wa siku hiyo alikuwa Chigusa, binti wa pekee wa Tatewaki. Alisimama kando ya kisima na kimono yake nyeupe, mpiga picha akamwambia atabasamu. Akafungua mdomo. Pumzi haikuingia.

"Baba..."

Chini ya saruji kitu kikavuta pumzi, ndefu, taratibu, na kila kilipovuta kifua cha Chigusa kilididimia, midomo ikageuka buluu, harufu ya tope ikapanda ikajaa puani, na Tatewaki, yule yule wa kucheka watu, akanyakua sururu ya Kusunoki akaipiga saruji huku analia, "Nisamehe! Mwachie mwanangu! Chukua pumzi yangu!"

"Usiseme hivyo, bosi!" Kusunoki alimshika mkono. "Omba radhi tu, usiahidi kitu!"

Alishaahidi. Saruji ikapasuka, Kusunoki akachomeka mwanzi mpya mbio mbio. Chigusa akavuta hewa kwa nguvu, akaanza kulia. Alhamdulillahi, mtoto kapona.

Tatewaki akainama kushukuru, uso wake juu ya tundu. Hakuinuka. Walipomgusa alikuwa wa baridi, macho kodo.

Walimchoma kama desturi yao, majivu wakayazika mbali, mlimani. Siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga kwao, Chigusa alileta maua kisimani. Mwanzi ukavuta pumzi, ukaishusha. Kisha huko chini mtu akakohoa, kikohozi cha sigara, kile Chigusa anachokijua tangu utotoni.

"Chigusa," sauti ikanong'ona, "mwanangu, usiwaache wauzibe."