Redio ya Bibi Mwasiti Imenyamaza

Sogeeni karibu, masikio wazi. Huyu ni Shani. Ana miaka sita, na meno mawili ya mbele hayapo.

Shani anakaa na Bibi Mwasiti. Bibi ana redio. Redio ina betri mbili, kubwa, nono.

Leo saa kumi, redio itasoma salamu. Dada yake Bibi, Bibi Hidaya, ametuma salamu! Bibi amevaa kanga mpya. Eti redio itamwona.

Lakini saa sita, redio ikalia: Kwa-kwa-kwiii! Kimya.

"Uwii! Salamu zangu!" Bibi akaipiga redio kofi. Pa! Kimya.

"Betri zimechoka," akasema Bibi. "Shani, zianike juani. Zikipata joto, zitajikongoja kidogo."

Shani akazianika kwenye ungo. Kuku akaja. Do! Do! Do!

"Shii! Hiyo ni betri, si muhogo!"

Betri zikapata joto. Shani akazirudisha ndani ya redio. Akaziweka kichwa kwa kichwa. "Tazamaneni, mpige soga," akaziambia.

Bibi akawasha. Klik! Kimya.

Kofi. Pa! Kimya.

Saa kumi inakaribia. "Salamu zangu jamani!" Machozi yakamlenga Bibi. Shani akamwonea huruma sana.

"Betri umezipangaje, mjukuu wangu?"

"Zinatazamana, Bibi."

"Aka! Hii inasukuma umeme huku, ile inasukuma kule. Umeme utapita wapi? Umeme hutoka, huzunguka ndani ya redio, hurudi. Njia yake ni moja."

Shani akakuna kichwa.

"Shuleni mkipanga foleni, mnatazamana?" akauliza Bibi.

"Hapana! Mimi natazama kisogo cha Kulwa."

"Basi!"

Shani akafungua redio mbiombio. Kichwa cha hii kikagusa kitako cha ile. "Foleni, nyooka!" akaamuru.

Klik! Kwa-kwa-kwiii! "...na salamu hizi zimwendee Bibi Mwasiti!"

"Ndimi! Ndimi huyo!" Bibi akaruka. Shani naye akaruka.

"Zinatoka kwa dada yake, Bibi Hidaya," redio ikaendelea. "Anauliza, sufuria yake utairudisha lini?"

Klik! Bibi akazima redio.

Lakini redio ya jirani haikuzimwa. "Ile kubwa!" ikasema. "Yenye mfuniko!"

Shani akacheka. Bibi akanuna. Kisha Bibi naye akacheka, mpaka kanga ikamvuka.

Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Bibi akapika vitumbua, tele. Jua lilipozama, wakaipeleka sufuria kwa Bibi Hidaya, mtaa wa pili tu.

Bibi Hidaya akafunua mfuniko. Akavitazama vitumbua. Akamtazama dada yake.

"Alaa!" akasema. "Kumbe redio yako inafanya kazi!"