Sikio la Kidoti

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni mwa duka la shangazi yake, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akashika ufagio. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini mtaani lilikwisha kusahaulika. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Msusi wa pale dukani alipenda kusema, "Huyu mtoto akinyamaza, mkimbieni kumwita daktari."

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele msusi alisuka nywele za watu huku akisikiliza redio. Nyuma ya pazia shangazi alitoga masikio. Huko kulikuwa na kiti kirefu, taa yenye shingo ya kuinamisha, kalamu ya kutia alama na sindano, kila moja ndani ya karatasi yake iliyofungwa. Chiriku aliishi na shangazi yake tangu wazazi wake walipohamia mbali kikazi, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kushika ile taa.

Shangazi hakuwa na haraka. Kabla hajagusa sindano, alilishika sikio la mteja kwa vidole viwili, akalibonyeza, akalikunjua, akalitazama kwa mbele na kwa nyuma.

"Sikio ni kama uso," alimwambia Chiriku. "Hata yako mawili hayafanani. Mwingine ndewe yake, hii nyama laini ya chini, ni nene, mwingine nyembamba kama karatasi. Mwingine ndewe imening'inia, mwingine imeshikana na shavu. Hereni haichagui mtu. Sikio ndilo linalochagua hereni."

Siku moja mama mmoja alileta hereni nzito kama kufuli. Shangazi alizipima mkononi, akamtazama masikio, akacheka. "Mama, ndewe zako zimechoka. Ukizibebesha hizi, zitaandika barua ya kuacha kazi." Mama yule akacheka naye, akachagua nyepesi.

Chiriku aliyaona yote hayo, akayasikia, akaamini kwamba ameyajua.

Alikuwa pia kiongozi wa kikundi cha dansi cha wasichana wanne wa darasa lake. Walikuwa wakijiandaa kwa onyesho la kufunga muhula, na Chiriku ndiye aliyetoa wazo: wote wavae hereni mbili ndogo kila sikio, ziwe zinametameta wakigeuza vichwa. Yeye tayari alikuwa na matundu mawili kila upande. Wenzake wawili walikuja dukani na mama zao, wakatogwa bila shida. Akabaki Kidoti, rafiki yake wa kufa na kuzikana, msichana mpole mwenye alama nyeusi shavuni.

Kidoti alikuja kuuliza kwanza, kabla hajamwambia mama yake. Shangazi akamkalisha chini ya taa, akamshika sikio, akatikisa kichwa.

"Tundu la pili halitawezekana, mwanangu. Ndewe yako ni fupi na imeshikana na shavu. Tundu ulilonalo limekaa katikati na limemaliza nafasi yote. La pili litapanda huku juu panapoanza gegedu, huu mfupa laini. Gegedu likiingia uchafu, kupona kwake ni kazi. Hata ukija na mama na baba, jibu langu ni hilo hilo."

"Kwani masikio yangu ni mabaya, shangazi?"

"Mabaya? Ni mazuri sana. Ni masikio ya hereni moja. Mguu mdogo hauitwi mbaya kwa sababu kiatu kikubwa kinauvuka."

Kidoti alitabasamu. Angeridhika na maneno hayo. Ila walipotoka nje, Chiriku alimshika mkono. "Shangazi anaogopa tu. Kikundi chetu ni hereni mbili. Asiye nazo itabidi asimame nyuma."

Kidoti aliinamisha kichwa. Alikuwa mchezaji bora kuliko wote, na mahali pake palikuwa mbele.

"Nimemwona akitoga mara ngapi?" Chiriku aliendelea. "Ni kutia alama, kusafisha, kupitisha. Njoo Jumamosi, atakuwa ameenda kununua vifaa."

Jumamosi ilipofika, msusi alikuwa mbele ameinamia kichwa cha mteja, redio ikiimba. Chiriku alimpitisha Kidoti mlango wa nyuma. Akachana karatasi ya sindano, akatia alama palipobaki nafasi, nafasi yenyewe ikiwa ndogo kuliko alivyodhani. Alipoisukuma, sindano iligoma. Haikuingia kama alivyozoea kuona. Ilikuwa kama kutoboa soli ya kiatu. Kidoti aliuma ncha ya mtandio wake, machozi yakamshuka kimyakimya. Chiriku akasukuma kwa nguvu zaidi, na sindano ikatokea nyuma upande upande, juu ya pale alipokusudia.

Hawakuwa na moyo wa kutoboa sikio la pili. Haraka haraka Chiriku akachukua hereni ndogo kwenye kabati la kioo, akaipachika, akabana kizibo nyuma. Kijiti chake kilikuwa kifupi, kikabana nyama. Hilo aliliona. Akajiambia litakwenda vizuri.

"Ukiulizwa, nyamaza," alimnong'oneza.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja mwisho. Ya Chiriku yalikuja mchana ule ule. Kila alipofumba macho alisikia sindano ikigoma. Wiki ilipoanza, Kidoti alikuja shuleni amejitanda mtandio hadi mashavuni. "Haliumi sana," alisema, lakini hakucheza dansi. Baadaye hakuja kabisa. Na Chiriku aliyejulikana kwa maneno akawa anafagia dukani bila neno. Msusi alimgusa paji la uso. "Vipi, umeumwa? Mbona redio yetu ya pili imezimika?"

"Sina kitu, dada."

Siku iliyofuata pazia lilivutwa kwa nguvu. Alikuwa mama yake Kidoti, mshonaji wa pale mtaani, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

"Umemfanya nini mwanangu?" alimfokea shangazi mbele ya wateja. "Sikio limevimba, halali usiku! Nani alikuruhusu kumtoga bila mimi mzazi?"

"Mimi nilimkataza, mama. Nilimwambia kabisa sikio lake halifai tundu la pili."

"Ahaa! Basi hilo tundu limejitoboa lenyewe! Mtoto mwenyewe amesema ametogwa hapa dukani."

Wateja walitazamana. Mmoja alinyanyuka polepole, akachukua mkoba wake, akatoka. Chiriku alisimama na ufagio mkononi.

Mshonaji alipoondoka, shangazi alipekua pipa la takataka, akainuka na karatasi ya sindano iliyochanwa ovyo, si kukatwa kwa mkasi kama alivyozoea yeye. Akaigeuza geuza mkononi, kisha akamtazama msusi.

"Jumamosi uliyebaki na duka ni wewe, mdogo wangu. Niambie kweli. Ulimtoga mtoto wa watu?"

"Mimi, dada? Mimi ni wa nywele. Sindano nikiiona tu nageuza uso!"

"Sasa imejifungua yenyewe?"

Msusi alimgeukia Chiriku, macho yamejaa maji. "Wewe ulikuwepo. Hukumwona mtu akiingia kwa nyuma?"

Chiriku alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale juu ya ulimi. "Sikuona mtu," akasema.

"Basi kaa nyumbani kwanza," shangazi alimwambia msusi kwa sauti ya uchovu, "mpaka nijue kilichotokea." Msusi alikusanya vitana vyake kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitambaa, akatoka bila kuaga.

Chiriku hakuweza kula jioni ile. Kesho yake, badala ya kwenda dukani, alikwenda kwa akina Kidoti. Alimkuta amelala kwa ubavu mmoja kwenye chumba cha cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa. Kidoti aliufunua mtandio. Sikio lilikuwa jekundu, limejaa, limesimama mbali na kichwa kama si lake. Hereni ilionekana kwa mbele kama punje. Nyuma hapakuonekana kitu.

"Kizibo kiko wapi?" Chiriku aliuliza.

"Mama anadhani kimedondoka. Alijaribu kuivuta hereni nikapiga kelele." Kidoti alishusha sauti. "Mimi nadhani kimezama ndani."

"Kwa nini ulisema ulitogwa dukani?"

"Mama alinibana. Nikasema nimetogwa dukani, sikusema na nani. Si uongo, eti? Sikutaka uadhibiwe." Alijaribu kutabasamu, na kutabasamu kukamuuma. "Chiriku, nakuona kama uko mbali. Nasikia baridi."

Chiriku alimgusa mkono. Ulikuwa unawaka moto.

Chiriku hakuwa amepata kukimbia vile. Aliingia dukani bila kuvua viatu. Shangazi alikuwa amekaa peke yake, kiti cha wateja kitupu.

"Shangazi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Una nini?"

"Ni mimi niliyemtoga. Msusi hajui lolote. Nilipita naye mlango wa nyuma. Kizibo kimezama ndani ya sikio, na ana homa, na mama yake hajui!"

Chiriku alingoja kofi, alingoja kelele. Lakini shangazi alisimama, akachukua mkoba na ufunguo. "Twende. Na maneno hayo utayasema wewe mwenyewe kwa mama yake. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Akayasema, amesimama kati ya vitambaa, machozi na kamasi vikimtiririka. Mshonaji aliinua mkono, mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha. "Tutazungumza baadaye," akasema. "Kwanza mwanangu."

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye miwani, aliuliza maswali mengi. Sindano ilikuwa mpya au iliyotumika? Hereni ilikuwa ya aina gani? Ilisafishwa? Iliingia siku gani? Mama hakujua. Kidoti alikuwa hoi. Ni Chiriku peke yake aliyeweza kujibu, na alijibu yote, hata lile la aibu kuliko yote: kwamba hereni aliitoa kabatini bila kuisafisha.

Daktari alimpiga Kidoti sindano ya ganzi, akapasua kidogo nyuma ya sikio, akakitoa kizibo kwa kibanio. Kilidondoka kwenye bakuli kikalia *ting*.

"Kiliingia karibu na gegedu," aliwaeleza akina mama. "Hereni ilikuwa fupi, nyama ilipovimba ikakimeza. Mngechelewa, uchafu ungelila gegedu, na sikio likijikunja hivyo halirudi. Atameza dawa mpaka ziishe, na tundu tutaliacha lizibe." Kisha akamgeukia Chiriku. "Umekosa sana. Ila ukweli wako umetuokolea muda."

Kutoka pale shangazi hakurudi nyumbani. Alimpeleka Chiriku moja kwa moja kwa msusi. Msusi alisikiliza akiwa mlangoni, hakuwakaribisha ndani.

"Nilikuuliza," alimwambia Chiriku. "Ulinitazama machoni."

"Nisamehe, dada."

"Nami nisamehe, mdogo wangu," shangazi alisema. "Nilikuhukumu kwa karatasi ya takataka."

Msusi alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nitarudi kazini," akasema hatimaye, "kwa sababu kazi naipenda. Huyu mtoto nipeni siku kidogo kwanza." Na zilipita siku kabla hajamtania tena Chiriku, na Chiriku alijua kwamba ni haki yake. Mshonaji naye alipita duka kwa duka, akisema kwa mdomo ule ule uliomsema vibaya shangazi kwamba alimkosea. Wateja wakarejea polepole.

Sikio la Kidoti lilipona. Kovu dogo gumu lilibaki nyuma yake, na daktari alisema huenda lisiondoke. Chiriku alipoliona mara ya kwanza alilia upya. Kidoti akamwambia, "Acha bwana, utaniloanisha nywele." Lakini hata yeye sauti yake haikuwa ya mzaha mtupu.

Siku ya onyesho Chiriku aliwaambia wenzake kila mtu avae kinachomfaa, na asiyetaka kitu asivae. Yeye akahamia nyuma. Kidoti alicheza mbele bila hereni yoyote, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Waliporudi nyumbani, shangazi alimwita Chiriku akae karibu naye.

"Unajua ulikosea wapi?"

"Nilitoga bila ruhusa."

"Hilo ni moja. Ulidhani kuona ni kujua. Umeishika taa siku nyingi, ukaona mkono wangu, hukuona ninachokitafuta kabla mkono haujasogea. Mimi hutafuta sababu ya kukataa. Kila mtu ameumbwa kivyake, na kinachompendeza mmoja humdhuru mwingine. Mtu asikubali kuumizwa ili afanane na wenzake, na kiongozi asimlazimishe mtu kufanana naye."

"Na uongo, shangazi?"

"Kosa lako la kwanza liliumiza sikio moja. Kimya chako kikamuumiza msusi, kikaniumiza mimi, kikakaribia kumwangamiza rafiki yako aliyekuwa anakulinda. Kosa likisemwa mapema hupata tiba, mwanangu. Likifichwa linaoza, nalo huoza ndani ya watu ambao hawakulitenda."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nitarudi kushika taa lini?"

"Siku utakayoweza kuniambia, kwa kulitazama sikio tu, kwa nini hatuligusi," shangazi alijibu. "Mpaka hapo, kuna ufagio."