Njumu za Ambrose

Jumamosi ile asubuhi Thirza Pengelly alikuta njumu za marehemu mwanawe zina matope mabichi. Jana yake jioni alikuwa amezipaka mafuta ya kondoo na kuzirudisha chini ya kitanda cha Ambrose, kitanda ambacho hakuna aliyekilalia tangu telegramu ilipofika kutoka vitani Galipoli.

Katika nyumba ile, kila Ijumaa klabu ilipotangaza majina ya wachezaji, la Ambrose likiwamo, mama alipaka njumu mafuta. Ambrose akiziona zinang'aa, alijua ameitwa uwanjani. Alicheza misimu miwili tu, vita vikamchukua. Maiti yake haikurudi. Thirza hakuacha kupaka.

"Silas, umevaa njumu za kaka yako?"

"Mimi, mama? Nisiyeweza kudaka hata kiazi?" Silas, mwanawe pekee aliyebaki, alicheka. "Labda panya wa mji huu wa Bendigo wameunda timu."

Jumamosi iliyofuata hakucheka. Mchana kweupe, wakiwa mezani, walisikia meno ya njumu yakigonga mbao za koridoni, ko, ko, ko, polepole, na harufu ya chumvi na ya nyama iliyooza ikatangulia, ikapita jikoni, ikapita chumba cha Ambrose bila kuingia, hata hatua zikafika mlangoni pa chumba cha Silas, zikaanza kupigapiga papo hapo, kama mchezaji anayemsubiri mwenzake watoke pamoja.

"Mama," Silas alinong'ona, "ananingoja mimi."

Mchungaji Hosking akaja, akasikiliza habari yote, akainamisha kichwa. "Mama Pengelly, unamwita kila Ijumaa, naye anaitika. Mzike."

"Nitazika nini, Mchungaji? Sina hata unywele wake."

"Zika hizo njumu."

Wakazizika makaburini kwa zaburi na sala. Thirza alilia kama siku ya telegramu. Nyumba ikatulia. Akamshukuru Mungu aliyembakizia mmoja.

Ijumaa jioni Silas akatoka chumbani ameshika viatu vyake vya mgodini. Viling'aa.

"Asante, mama. Ila hivi si vya mpira."

Thirza alitazama mikono yake. Ilikuwa na unga wa mkate tu. Akavipokea viatu. Juu ya mafuta palikuwa na alama ya kidole gumba kilichopinda kushoto. Kidole hicho alikifunga kitambaa yeye mwenyewe, siku Ambrose alipokivunja akidaka mpira.