Mwanamke wa Chumbani kwa Fundi

— Kila asubuhi, Fundi. Jogoo hajawika vizuri, wewe "nampenda, nampenda". Ukuta wenyewe wa mbao, unadhani sisi wenzio tumeziba masikio kwa pamba?

Mama Pacha alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni. Wapangaji wote walishatoka vyumbani. Aliyekuwa anafua kaacha povu, aliyekuwa anapika kaacha sufuria inajichemkia.

— Si... si hivyo, mama.

— Si hivyo ni vipi? Eleza. Watu tupo, masikio tunayo.

Hapo ndipo Fundi aliposhikwa. Mbele ya mtu mmoja, fundi cherehani huyu alikuwa na maneno yake kama wewe na mimi. Mbele ya watano, ulimi uligeuka mzito kama pasi ya mkaa.

— Mnaona? Mwenye hatia hana la kusema. Nami mchumba wake nimeshampigia simu. Mwanamke mwenzangu hafanywi mjinga nikiwa natazama.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Fundi. Ujumbe ulitoka kwa Dada Mita, yule anayepita nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, mchumba wake wa mwaka wa pili sasa.

"Kesho usije kwetu. Mara ya kwanza ulisimama mbele ya ukoo wangu ukasema 'mimi', ukakimbia ukaacha na viatu. Nikakutetea. Baba kakupa nafasi ya mwisho, hataki mshenga, anataka useme mwenyewe. Kumbe maneno unayo, ila una mwingine wa kumwambia."

Fundi akapiga. Ikakatwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Akaingia chumbani. Alipotoka, begani kabeba mdoli wa kupimia nguo, hana kichwa wala mikono, kifuani kabanwa karatasi kwa pini. Akamsimamisha mbele ya Mama Pacha.

— Mazoezi, alisema. Ya kesho.

Mama Pacha akaisoma karatasi. "Wazazi wangu, nampenda binti yenu..." Ua mzima ukaangua kicheko, yeye akashika shavu.

— Nimefanya nini mimi. Mwandikie basi umweleze.

Fundi alimsogelea, akasema kwa chini:

— Nimejificha kwenye simu vya kutosha, mama. Naenda kwao sasa hivi.

— Basi tunaenda wote. Aliyelikoroga ni mimi.

Njiani watu walikufa kwa kucheka.

— Fundi, bibi harusi mbona hana kichwa?

— Kimetangulia kwa wakwe, alijibu Mama Pacha. Piteni huko.

Nyumba ya wakwe ilikuwa imejaa. Mashangazi wanachambua mchele wa kesho, wajomba wanapanga viti. Dada Mita alisimama mlangoni, mikono kakunja.

— Nilisema usije.

— Dakika tano. Kisha nitaondoka, na viatu vyangu safari hii.

Baba yake, mwalimu mstaafu, akatokeza na miwani puani.

— Mwache aseme. Watu wote wapo, kesho ya nini?

Fundi akamweka mdoli katikati ya ua. Macho zaidi ya ishirini yalimtazama. Akamkazia macho mdoli, kama kila asubuhi.

— Wazazi wangu. Mimi ni fundi cherehani. Aibu yangu mnaijua. Nampenda binti yenu. Sina...

Maneno yakapotea. Shangazi mmoja akakohoa. Lango lilikuwa wazi, hatua kumi tu.

— "Sina mali ya kujivunia," sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Mama Pacha. "Ila nina mikono miwili." Endelea, mwanangu.

Watu wakageuka.

— Wewe mama umeyajuaje? aliuliza mzee.

— Nimeyasikia ukutani wiki mbili, mwalimu. Niliyemzushia mwanamke ni mimi. Mwanamke mwenyewe ndiye huyo mdoli hapo.

Dada Mita akaziba mdomo. Mabega yalimtikisika. Fundi hakujua kama ni kicheko au kilio. Akamgeuza mdoli, akamwelekeza ukutani. Sasa mbele yake walibaki watu tu.

— Mwezi wa kwanza ulipokuja kusoma mita nilikuambia "karibu". Wa pili, "karibu". Wa tatu nikakuuliza maji yangu yakoje, ukacheka, ukasema kumbe naongea. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi nakaa mlangoni na shati limepigwa pasi. Watu nawaogopa. Hata sasa jasho limefika kwenye soksi. Ila kukukosa kwa sababu nilinyamaza, hilo naliogopa zaidi. Mzee, naomba binti yako. Naomba mwenyewe, kwa kinywa changu.

— Hiyo sijawahi kuisikia, Mama Pacha alinong'ona.

Dada Mita akashuka kizingiti, akasimama karibu naye.

— Mazoezi ulinificha mimi, kweli?

— Nilitaka ushangae.

— Nimeshangaa. Usirudie tena.

Mzee alivua miwani, akaifuta taratibu.

— Nimefundisha miaka thelathini. Mtoto anayetetemeka na bado akamaliza, huyo namwamini kuliko anayeteleza kama sabuni.

Akawageukia mashangazi.

— Ongezeni sahani mbili. Mwanangu, vua viatu, ingia tule. Na wewe mama wa ukutani, karibu ndani. Huyo asiye na kichwa abaki nje, hana mdomo wa kulia.