Kiti cha Mtumbwi wa Drateru

"Shika kasia kama unavua samaki," Kenyi alisema. "Bado kiti nasukuma wewe nyuma?"

"Bado nasukuma. Magoti nauma."

Drateru alikuwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi wake wa mtu mmoja, makalio yakiegemea ubao wa kiti. Kenyi akachomoa ubao, akaranda vishikio vyake ili upande wa mbele ushuke tena kidogo. Siku ya nne hiyo! Fundi mzima, anachonga mtumbwi kwa wiki mbili, leo kiti kimoja kinamshinda. Wavuvi wa Rhino Camp, hapo kando ya mto, walicheka waziwazi, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kenyi alijua kiti kilikaa sawa tangu Jumatatu. Alijua pia kwamba kazi ikiisha, Drateru ataondoka.

Walipendana Arua, kabla vita vya 1979 havijamtupa Kenyi Sudan na Drateru Kongo. Miaka minane Kenyi alimtamani, akiamini ameshaolewa huko. Jumatatu hii ndipo alipomwona akiuburuta mtumbwi kuja kwake.

"Kenyi," Drateru alisema bila kugeuka, "hii kiti iko sawa. Tangu Jumatatu iko sawa."

Randa ikamponyoka fundi.

"Sasa magoti ilikuwa nauma namna gani?"

"Haikuuma. Na wewe, mbona ulikuwa naranda?"

Kenyi akainama kuiokota. Uso ulimwaka kwa aibu na furaha.

"Jumamosi Amandu nakuja na wazee yake toka Arua, naleta posa," Drateru alisema. "Baba mdogo nasema mimi nazeeka. Wewe nanitaka ao hapana?"

"Nakutaka mpaka naumwa! Lakini nitatuma nani? Baba, wajomba, yote tulizika Sudan. Mutu hawezi kupeleka posa yake mwenyewe."

"Wewe kuja tu."

Drateru akapachika ubao wa kiti mahali pake, akafungua kamba, akapiga kasia. Kenyi alimtazama mpaka akapotea kwenye matete.

Jumamosi wazee wa Amandu walikuwa wameshaketi uani kwa Okuonzi, baba mdogo wa Drateru, Kenyi alipoingia peke yake, shati limelowa jasho. Alionyeshwa mkeka mtupu upande wa pili.

"Unataka nini?" Okuonzi aliuliza.

"Nataka Drateru, mzee."

"Kwa mdomo yako mwenyewe? Watu yako iko wapi?"

Kenyi akautazama mkeka mtupu ubavuni mwake. Wageni wakaanza kucheka.

Drateru akatoka jikoni na mikono yenye unga. Akapita mbele ya wazee wote, akaketi kwenye mkeka wa Kenyi.

"Watu yake ni mimi, Baba."

"Wewe? Wewe ni binti yetu!"

"Leo mimi iko upande yake." Hakuinamisha macho. "Tumekuja kuomba binti yenu."

Kicheko kikakatika. Mzee mkubwa wa Amandu akatafuta fimbo yake, akasimama.

"Twende nyumbani," aliwaambia wenzake. "Huyu alishaolewa zamani."

Okuonzi aliwatazama mpaka vumbi la baiskeli zao likatulia. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni:

"Leteni maji ya kunawa! Hawa wageni wawili watakula hapa."